Damu ya Kabla ya Kahawa

Utafiti wangu wa shahada ya uzamivu unahusu damu: chakula cha mtu kinaacha alama gani humo, na mwili wake unaitumiaje sukari. Kwa hiyo anayepimwa asubuhi asiwe ametia kitu mdomoni tangu usiku, isipokuwa maji. Sharti dogo tu, lakini huku Kagera lilinitoa jasho.

Kule Muleba kulikuwa na mama mmoja mjane. Kipimo chake cha kwanza kilionyesha sukari iko juu, ila alikuwa ameshakunywa chai, nikamwahidi nitarudi tuhakikishe. Aliogopa, na alikuwa na sababu: mumewe alikatwa mguu kwa ugonjwa huohuo, kisha akafa.

"Nipime vizuri, mwanangu," aliniambia. "Nisije nikawa kama yeye."

Siku ya kurudi nilitoka Bilele, mjini ninakokaa, na basi la alfajiri. Nilipoketi tu mkekani, akaleta kahawa ya kutafuna, akatia punje mdomoni yeye kwanza, ndipo akaninyooshea kikapu. Ndivyo mgeni anavyopokelewa kwetu. Mwenyeji anatangulia, ujue haina sumu.

"Mama! Si tulikubaliana usile?"

"Kwani nimekula? Hii si ya mgeni?"

Nilikasirika, sifichi. Safari nzima bure! Wiki iliyofuata nilimsihi asitafune, akanicheka. "Uingie kwangu ukae hivihivi, kama askari aliyekuja kukamata mtu? Toba!" Akatafuna.

Mara ya tatu sikuingia. Nilisimama kwenye migomba nikamwita.

"Leo sijafika, mama. Mgeni wako bado yuko njiani."

Alicheka mpaka akashika kiuno, akaja, akanyoosha mkono. Nilijaza kichupa, tone moja nikaliweka kwenye mashine ya sukari, tukasubiri sote wawili.

Ilikuwa juu. Safari hii hapakuwa na chai wala kahawa ya kusingizia. Nikamweleza kama nilivyofundishwa, taratibu, bila kupamba: aende kliniki wiki hiyohiyo, dawa zipo, si kila mwenye sukari anakatwa mguu. Alisikiliza akiitazama mikono yangu.

"Kliniki nitakwenda," alisema.

Nilifunga vifaa, nikaanza kuelekea mlangoni, maana sasa hakukuwa na cha kunizuia kuingia. Akanishika mkono.

"Hapana, mwanangu. Ukiingia wewe, na hiyo sukari imeingia. Niachie nyumba yangu leo tu."