Sinia la Mkwe na Katlesi Zangu

Mwaka ule tulikula samaki wa kopo mpaka tukamchukia, kisha Wasomali wakafungua bucha upande wetu wa Maplewood, huku ughaibuni, tukarudi kwenye nyama ya halali. Ndio mwaka mjukuu wangu alipoposwa.

Kijana alikuwa Mmeksiko, ameshasilimu. Mamake alikuja na sinia limefunikwa kitambaa. Alipofunua niliruka. Mapande ya nyama bapa kama kandambili, yamevikwa chenga za mkate!

"Milanesa," akasema.

"Hiyo ni katlesi iliyokanyagwa na gari," nikasema.

Mjukuu wangu alicheka, hakumtafsiria. Akanieleza kwamba jina hilo limetoka mji wa Milano, na Wabrazili nao huiita hivyo, Waitalia wenyewe husema kotoleta, Wafaransa eskalopi. Nilishika kichwa. Majina yote hayo, na hakuna hata mmoja anayetia viazi! Tukala. Tamu, siwezi kudanganya.

Juma lililofuata nililijaza sinia lake katlesi zangu. Viazi vya kuponda, nyama ya kusaga, dania, pilipili, nikazichovya kwenye yai na kuzigaragaza kwenye chenga. Zikatoka na rangi ileile ya nyama yake. Mjukuu akazipeleka.

Alirudi analia. Msichana huyu huelewa Kiswahili lakini hunijibu Kizungu. Siku hiyo Kiswahili kilimtoka chenyewe.

"Bibi, umefanya nini? Mamake anasema tumemrudishia chakula chake! Anasema tumekataa posa!"

Wallahi, unampa mtu zawadi, yeye anaona tusi? Nikavaa koti la theluji juu ya buibui. "Nipeleke."

Mama yule alitufungulia, macho mekundu. Sinia lilikuwa mezani, halijaguswa. Nikachukua katlesi moja nikaipasua mbele ya pua yake. Viazi vikamwagika, dania ikanukia. Akatazama, akauma, akaanza kucheka na machozi yanamtoka. Akachukua ya pili bila kukaribishwa.

Garini mjukuu wangu alishusha pumzi. "Posa ipo, Bibi. Lakini siku nyingine osha tu sinia, ulirudishe. Huku ndivyo wanavyofanya."

"Likiwa tupu? Kama sisi ombaomba? Astaghfirullahi! Chombo cha watu sikirudishi kitupu."

"Bibi, nusura nikose mume!"

"Chombo cha watu sikirudishi kitupu."