Mbegu Zilizooshwa kwa Sabuni

Mzee Tangu alijipatia jina hilo kwa mdomo wake mwenyewe. Hakuwa na hadithi isiyoanza na "tangu". Ukimwuliza njia ya kwenda sokoni, atakwambia tangu walipofika hapa njia hiyo ilikuwa ya ngiri. Ukimwomba chumvi, utasikia kwamba tangu walipofika hapa chumvi ilifuatwa kwa miguu mpaka ng'ambo ya mto, na chumvi yenyewe utaipata chakula kikishapoa. Watu walimcheka, naye akacheka nao. Haki alikuwa nayo, maana yeye na mkewe ndio waliotangulia kulala katika ardhi ile, wakati hakukuwa na shule wala zahanati wala jirani wa kuwapigia hodi.

Walikuja wawili, wangali vijana, na mzigo wa kuaibisha: jembe, panga, sufuria, na mbegu za mahindi ambazo mkewe alizifunga kwenye pembe ya kitambaa na kukikaza kiunoni. Walijenga kibanda bondeni, kando ya kijito, kwa sababu udongo wa pale ulikuwa mweusi na laini, na mgeni hana wa kumwonya kwamba kijito hujaa. Mwaka huo huo kijito kilijaa, kikaingia ndani bila kubisha, kikabeba shamba zima. Kilichobaki ni shada moja la mahindi ambalo mkewe alikuwa amelitundika juu ya meko lipate moshi. Mzee Tangu akala yamini kwamba jembe lake halitagusa bondeni tena mpaka afe. Wakahamia juu kilimani na shada lao.

Kila mavuno baada ya hapo, mkewe alichagua mahindi mazuri kuliko yote, akayavua maganda nusu, akayasuka mashada na kuyatundika palepale juu ya meko. Moshi uliyapaka masizi mpaka yakawa meusi tii, na mdudu dumuzi aliyeyaonja hakurudia. Watoto walizaliwa, wakakuzwa na mahindi hayo, wakaenda zao. Majirani nao walikuja, kila mmoja akapewa mbegu za kuanzia, kisha duka la pembejeo lilipofunguliwa wakaziacha mmoja mmoja. Za dukani zilizaa zaidi, sikatai. Mzee Tangu akabaki peke yake na mashada yake, na mkewe alipofariki akazidi kuyang'ang'ania. Hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Alikuwa akiingia jikoni, anatazama juu, halafu anatoka.

Kitindamimba wake, dereva wa trekta, ndiye aliyebaki nyumbani, na mwaka ninaousimulia alikuwa ametoka kuoa. Alioa binti wa fundi cherehani, msichana mchangamfu, mwepesi wa mikono, ambaye akiona vumbi halali. Alimpenda mumewe, lakini baba mkwe alimtia woga. Mzee alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na alipomtazama mtu ilikuwa kama anamtafuta mwingine nyuma yake.

Basi dereva akampeleka baba yake hospitali kubwa, wakaanza na jicho la kulia. Mkamwana akabaki nyumbani na wazo moja kichwani: baba anarudi anaona, na kitu cha kwanza atakachokiona ni jiko lenye masizi kama tanuri la mkaa. Watasema nini? Kwamba wamemwoa mchafu?

Akajifunga kibwebwe. Alisugua sufuria mpaka zikawa vioo, akafagia utando wa buibui, akapaka kuta chokaa. Alipomaliza akatazama juu.

Mzee alirudi amefunikwa jicho moja kwa kitambaa cheupe, na lile jingine likiwa bado na ukungu wake. Kesho yake kitambaa kikatolewa. Akatoka chumbani akipepesa, akatazama ua, kuku, mikono yake mwenyewe, akacheka peke yake. Halafu akaingia jikoni.

"Eeh! Hapa ni kwangu au nimepotea njia?"

"Ni kwako, baba," mkamwana alisema, roho imemjaa furaha. "Karibu."

Mzee akatazama juu. Juu ya meko palikuwa na boriti tupu, iliyopakwa chokaa nayo.

"Yale mahindi yako wapi, mama?"

"Nimeyaosha, baba. Yalikuwa na masizi hayo! Nimeyaloweka usiku kucha, nikayasugua kwa brashi moja moja. Yako kwenye kikapu, siku ya tatu sasa, nimeyafunika yasipate vumbi."

Mzee alifunua kikapu. Mahindi yalikuwa meupe, mazuri, yamevimba kama vidole vilivyokaa majini. Na kwenye punje nyingi, ncha ndogo nyeupe zilikuwa zimeshachungulia nje.

"Kwa sabuni?" aliuliza.

"Kwa sabuni, baba."

"Ya unga?"

"Ya mche."

Mzee akakaa chini kwenye kigoda. Dereva, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliona uso wa mkewe unabadilika, akaona ni heri aseme yeye.

"Hizo ndizo mbegu, mke wangu. Za mama. Hatuna nyingine."

Msichana akatoa macho. Hakulia kwanza, alijifuta mikono kwenye nguo, mara mbili, mara tatu, kama yenye makosa ni mikono. Halafu akatoka mbio, wakamsikia nyuma ya nyumba.

Mzee Tangu alikasirika, tusifichane. Maneno yalimfika kwenye ncha ya ulimi, na yalikuwa maneno ambayo yakishatoka, binti wa watu hufunga nguo zake akaenda kwao. Mbegu zilizoota hazirudi kuwa mbegu. Mvua za masika zilikuwa mbali bado, na udongo wa kilimani ulikuwa mkavu wa kupasuka. Kitu cha mwisho ambacho mkewe alikishika na kukitunza kilikuwa kinamfia ndani ya kikapu, kisafi, kinanukia sabuni.

Alimfuata nyuma ya nyumba ili aseme. Akamkuta ameinamisha uso kwenye viganja, na kwa lile jicho jipya akaiona mikono ile: vidole vimechubuka kwa kusugua, ngozi imebanduka kwenye kucha. Tangu mkewe afe walikuwepo waliompikia Mzee Tangu chai, lakini hakuna aliyejichubua kwa ajili yake. Maneno yakarudi yalikotoka.

"Inuka, mama," alisema. "Chukua jembe."

"Nakwenda wapi, baba?"

"Bondeni. Udongo wa bondeni haukauki."

Dereva akashtuka. "Bondeni? Baba, si uliapa mpaka ufe?"

"Niliapa. Wewe beba kikapu."

"Na daktari amekukataza kuinama."

"Ndiyo maana nimemwambia yeye achukue jembe."

Ikawa hivyo. Mzee alisimama wima kama askari, fimbo mkononi, na kila alipotaka kuinama dereva alimshika kola. Mkamwana ndiye aliyepanda. Hakuwahi kushika jembe ila la kung'olea majani uani, na mashimo yake ya mwanzo yangemtosha sungura.

"Usichimbe kisima, mama. Kiasi cha kiganja. Pukuchua taratibu, ncha isivunjike. Ile iliyovunjika mpe kuku. Iliyo nzima mlaze chini kama mtoto, mfunike bila kumkandamiza, naye anataka kupumua."

Na katikati ya mashimo, bila shaka, akasimulia. Tangu walipofika hapa. Kibanda kilikuwa pale penye matete. Mkewe alikuwa akiimba vibaya, akijua anaimba vibaya, na haachi. Siku ya mafuriko alipanda juu ya mtungi, shada kichwani, akimtukana mumewe kwa kuchagua bonde. Mkamwana alicheka, machozi hayajakauka, na Mzee akagundua kwamba hadithi hiyo hakuwahi kuimaliza mbele ya mtu, kwa kuwa watu humkimbia mapema.

Jirani yao mchimba visima alipita na ndoo zake, akasimama.

"Tangu! Umerudi na jicho jipya, akili umeiacha hospitali? Kiangazi hiki unapanda?"

"Pita, pita. Wewe uliyekuja juzi."

Alikuja miaka thelathini nyuma, lakini kwa Mzee Tangu hiyo ni juzi.

Siku zilizofuata mkamwana hakuwa na raha. Alfajiri alishuka bondeni kabla hajawasha moto, akarudi akikung'uta umande miguuni. Mashimo mengine hayakutoa kitu. Sabuni au brashi, nani ajuaye. Kisha asubuhi moja dereva na baba yake walimsikia anapiga kelele huko chini, wakateremka roho mkononi wakidhani ni nyoka. Lilikuwa jani. Jani moja limesokotwa kama sindano, na ukikaza macho, mengine hapa na pale mpaka kwenye matete. Mzee hakuhitaji kukaza.

Mvua zikaja, na za mwaka huo zilikuja kwa fujo. Mahindi yalikuwa yamefika kifuani kijito kilipoanza kunguruma. Dereva na mkewe walichimba mfereji wa kuyageuza maji, matope mpaka magotini, na mchimba visima akaja na sururu yake bila kuitwa, akilalamika njia nzima kwamba ujinga wa mwenzake unamvunja mgongo. Mzee alisimama ukingoni, mvua inampiga. Maji yakameza mistari ya chini. Yakapanda tena kidogo. Yakasimama, kama yanafikiri, kisha yakaona mfereji, yakaufuata.

"Haya," Mzee alisema. "Haya. Asante. Haya." Hakuna aliyejua anamshukuru nani kati ya wote waliokuwepo. Dereva akamshika mkono, wakarudi nyumbani wakiwa wameloa chapachapa, wanacheka kama walevi.

Mavuno hayakuwa ya kujivunia. Ila mashada yalipatikana. Mkamwana aliyasuka mwenyewe, akapanda kwenye kigoda, akayatundika kwenye boriti aliyoipaka chokaa, kisha akatafuta kuni mbichi kuliko zote uani akawasha moto. Moshi ukawatoa wote nje wakikohoa. Baada ya mwezi jiko lake zuri lilikuwa jeusi kama mwanzo.

Ndipo mama yake mzazi alipokuja kuwatembelea. Naye ndiye aliyemfundisha binti yake usafi, kwa hiyo hakuwa amemaliza kusalimia alipoomba ndoo na kitambaa. Mzee Tangu alikuwa uani, kikombe cha chai mkononi, na jicho la pili nalo limeshatengenezwa. Alimwona mgeni anaingia jikoni amekunja mikono ya nguo. Akataka kuinuka. Kabla hajainuka akasikia sauti kutoka ndani, kali, ya mwenye nyumba:

"Mama! Weka kitambaa chini! Hayo hayaguswi. Tangu tulipofika hapa, mahindi hayo—"

"Tangu mlipofika? Wewe si umefika juzi tu!"

"Kaa, mama. Kaa nikusimulie. Kibanda chetu kilikuwa kule bondeni, penye matete..."

Mzee Tangu akarudi kukaa. Aliisikiliza hadithi yake yote kupitia ukutani, mpaka kwenye mtungi na matusi ya mkewe, na hapo akacheka hata chai ikammwagikia. Binti alikosea mahali pawili. Mzee akamwacha aendelee.