Koti Lililokwenda Ikonda

Katika miaka ile ya soko huria, ambapo mtu yeyote mwenye leseni na meza aliweza kufungua ofisi, nilipata kazi Makambako kwa mpima ardhi mmoja aliyestaafu serikalini. Mzee alikuwa na uzoefu wa miaka mingi, macho yenye mtoto wa jicho, na kompyuta moja. Mimi nilikuwa na shahada. Tuligawana kazi kwa haki: yeye alijua ardhi, mimi nilijua mahali pa kuwashia.

Programu yetu ya kuchorea ramani ilikuja na kidude cheusi, kidogo kuliko kiberiti, kilichochomekwa nyuma ya kompyuta kwenye tundu la printa. Ndani yake mlikuwa na chipu. Kila programu ilipoamka, iliiuliza chipu ile swali la siri na chipu ikajibu. Jibu lisipopatikana, programu ilikataa kazi. Ndivyo wenye programu walivyojilinda dhidi ya watu wa kunakili. Muuzaji wa Dar es Salaam alimwambia mzee kwamba kidude kikipotea ni sawa na kuwa hakununua kitu, na kupata kingine ni kuandika barua Ulaya na kungoja miezi. Sisi tulikiita ufunguo.

Mzee alinikabidhi mimi ufunguo huo. Kila jioni nilitakiwa kuuchomoa na kwenda nao nyumbani, ili mwizi akija aambulie kompyuta isiyojua kazi. "Wewe ndiye uliyesoma," alisema. Basi nikawa nautia kwenye mfuko wa koti na kukatiza mjini kama mtu aliyebeba siri za jeshi.

Koti lenyewe lilikuwa la mtumba, la sufu nzito, refu hadi magotini. Jumanne moja alfajiri mama mwenye nyumba wangu, Mbena wa makamo niliyepanga chumba kwake, aligonga mlango. Alikuwa anampeleka dada yake hospitali Ikonda, kule Makete kwenye baridi kali. Pale nyumbani anayekwenda Makete alipewa koti zito kuliko yote yaliyomo, liwe la nani liwe. Hakuhitaji kuomba.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama. Koti hili hapa."

"Na wewe utavaa nini?"

"Mimi bado kijana, mama. Damu inachemka."

Damu ilichemka mpaka ofisini. Hapo niliwasha kompyuta, nikaona kwenye kioo kwamba ufunguo haupo, na damu ikapoa ghafla.

Ramani tuliyokuwa tunaimalizia ilikuwa ya mama mmoja wa Matembwe, mjane, mwenye shamba la misindano, miti ya mbao aliyoipanda na mumewe. Shemeji yake alidai nusu ya miti ni yake, na baraza la kata lilipanga kusikiliza shauri Ijumaa. Bila ramani yenye muhuri wa mpima, mama angekuwa na maneno yake tu dhidi ya maneno ya shemeji, na shemeji alikuwa na maneno mengi. Vipimo tulikuwa navyo kwenye daftari, lakini macho ya mzee hayakuweza tena kuvuta mstari mwembamba. Mimi somo la kuchora kwa mkono nilikuwa nimelifaulu kwa kumtazamia jirani.

Mpaka saa sita nilimwambia mzee kwamba umeme haujatulia. Kisha nikaishiwa uongo.

"Mzee, ufunguo umesafiri."

"Umesafiri na nani?"

"Na koti."

"Na koti limesafiri na nani?"

"Na mama mwenye nyumba. Wako Ikonda."

Mzee alivua miwani. "Kwa hiyo mwizi tuliyekuwa tunamwogopa, tulikuwa tunamlipa mshahara."

Mzee alikuwa mtu wa Kigoma, mswalihina, na hakuna dereva wa Makambako aliyekuwa hamjui. Aliniambia niandike barua ya kupeleka kwa basi la Makete. Niliandika ukurasa mmoja na nusu juu ya chipu na umuhimu wake katika dunia ya kisasa. Aliusoma kwa shida, akauchana, akanisomea yake niandike: "Mama, mpe konda huyu koti. Usitoe kitu mfukoni. Mgonjwa anaendeleaje?"

Barua ikaondoka Jumatano asubuhi. Siku hiyohiyo mama wa Matembwe akafika kuchukua ramani yake, na nyuzi za kufumia zikiwa kwenye kikapu. Nilimweleza ukweli wote.

"Kwa hiyo miti yangu imo kwenye koti?"

"Ufunguo wake, mama."

"Ambao uko hospitali."

"Ndiyo, mama."

"Kwani nao unaumwa?"

Mzee ndiye aliyeanza kucheka. Mama hakucheka. Alikaa kwenye benchi, akaanza kufuma mkono wa sweta. Jioni alikwenda kulala kwa mwanajumuiya mwenzake wa kanisani, na Alhamisi asubuhi alirudi kwenye benchi lilelile. Kila alipomaliza mstari alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo hata na wasimamizi wa mitihani.

Alhamisi alasiri konda aliingia ofisini akiwa ndani ya koti langu, amefunga vifungo mpaka shingoni. Koti linalotumwa kwa basi huvaliwa, alisema, ndiyo njia pekee ya kujua lilipo. Akanipa na kikaratasi: "Mgonjwa anakunywa uji." Alipolivua nikapeleka mkono mfukoni, mkono ukakwama. Mfuko ulikuwa umeshonwa kwa uzi mweusi, mishono mifupi iliyobanana. Wa pili pia.

"Nani ameshona hii?"

"Yule yule mama aliyelivaa," konda alisema. "Jumanne, kabla hajapanda gari, mbele ya abiria wote. Eti koti la kuazima lazima lishonwe mifuko, kisianguke kitu akasingiziwa mtu. Mimi nimetoka Makete mikono nje, kaka. Baridi imenimaliza."

Mzee alitoa wembe. Mama wa Matembwe aliukataa. Alichukua sindano yake na kufumua mshono mmoja baada ya mwingine, bila haraka, huku mimi nikisimama juu yake kama ndugu wa mgonjwa. Ufunguo ulidondoka pamoja na maganda ya karanga. Niliuchomeka kwa mikono miwili. Programu ikauliza, chipu ikajibu. Printa ilipoanza kukwaruza, mama alikunja sweta, akaitia kikapuni. Mzee akagonga muhuri mara moja, kwa nguvu ya mtu aliyekuwa amevunjiwa heshima.

Ijumaa alfajiri mama aliondoka na lori la rafiki wa mzee lililokwenda kupakia mbao. Tulikaa siku nne bila habari. Jumanne alirudi, amebeba gunia dogo la viazi. Baraza lilitoka na ramani mkononi mpaka shambani, likahesabu hatua kutoka kijitoni, na bikoni, lile jiwe la mpaka, ikakutwa chini ya majani makavu pale karatasi iliposema. Shemeji aliomba ramani isomwe tena. Iliposomwa tena, aliuliza ofisi yetu iko wapi, maana naye ana shamba lenye mgogoro na jirani.

Mama alitaka kukiona hicho kidude. Alikipima kiganjani.

"Kinajua nini kuhusu miti yangu?"

"Hakijui kitu, mama. Kinajua swali moja tu."

"Basi kinafanana na wewe," alisema, akanirudishia.

Wiki iliyofuata mama mwenye nyumba alirudi, dada yake akitembea mwenyewe. Mzee alikuja nyumbani kwetu kwa miguu, akamsalimia, akaulizia mgonjwa, kisha akamkabidhi ufunguo: kuanzia siku ile nimpelekee yeye jioni, yeye anipe asubuhi. Mama aliugeuzageuza.

"Ningejua ni kitu cha maana," alisema, "ningeshona mara mbili."