Mahali pa Mama Mdogo Ukutani

Shamba la pareto lilitupatia nyumba ya mbao mwanzoni mwa miaka ya sabini, huko Bahati, na nyumba ya mbao ikatuletea tatizo la ukuta. Katika nyumba ya udongo hakuna aliyewahi kuuliza ukuta uvae nini. Sasa sebule ya Mama ilikuwa imebandikwa magazeti ili kuzuia upepo, viti vimevaa vitambaa vya kufuma, na juu ya kiti cha Baba kulikuwa na nafasi ambayo Baba alikataza isiguswe. "Hapo," alisema, "tutakaa sisi."

Alimaanisha picha: familia nzima, imekuzwa, imetiwa kwenye fremu ya kioo na kuinamishwa mbele kidogo, kama ilivyokuwa desturi, ili walio ukutani wamwone mgeni vizuri akinywa chai. Mgeni naye aliwasoma kabla hajapewa kikombe. Alijua nani amezaa, nani amesoma, nani ana viatu.

Kazi ya kuipanga nilipewa mimi. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nimerudi likizo, katika umri ule ambao mtu hajui kitu na hakuna anayeweza kumwambia. Nikapima nafasi kwa kamba, nikachukua karatasi ya fulskepu, nikachora duara kwa kila mtu. Baba katikati, fimbo kati ya magoti. Mama mkono wake wa kulia, amempakata kitinda mimba wetu, msichana wa miaka minne. Ndugu zangu wanne nyuma, kwa urefu. Mimi mwisho kabisa upande wa Mama, mbele, ili suti yangu ionekane mpaka viatuni. Mwisho wa upande wa pili nikamweka Mama Mdogo, mke wa pili wa Baba, na kwa kuwa upande huo ulionekana mwepesi, nikamwongezea maua ya studio. Nilikuwa nimehudhuria mhadhara mmoja juu ya uwiano.

Mama Mdogo aliishi nyumba ya pili, hatua kama ishirini kuvuka ua. Alikuwa ameolewa miaka tisa na hakuwa na mtoto. Hilo halikusemwa kwetu. Lilisemwa sokoni, kisha likarudi nyumbani ndani ya kikapu pamoja na vitunguu.

Nikaubandika mchoro mahali picha itakapokaa, na kila mtu akaja kutafuta duara lake. Jioni Mama Mdogo akaingia na maziwa, akatua mkebe, akasimama mbele ya karatasi.

"Mimi ni gani hapo?"

"Huyo wa mwisho, Mama Mdogo."

"Na huyu tuliyekaribiana naye?"

"Hayo ni maua."

Akayaangalia kwa heshima. "Ni mazuri," akasema. "Basi siku hiyo mimi nitabaki na ng'ombe. Lazima mtu abaki."

Nilimpelekea Mama habari hiyo kama habari ya ng'ombe. Nikamuuliza kama hatuwezi kupata mtu mwingine wa kukamua. Mama alikuwa akichambua maharagwe na hakuinua kichwa.

"Hiyo picha itakaa ukutani miaka mingapi?"

"Ikitunzwa, hata hamsini."

"Na wageni watauliza, huyu wa pembeni karibu na maua ni nani. Miaka hamsini. Utakuwa hapo kuwajibu, profesa?"

Aliniita profesa nikikosea tu, kwa hiyo nilipanda cheo hicho mapema.

Akafuta mikono, akapanda juu ya kiti cha Baba, akabandua karatasi. Mama hakujua kusoma, lakini mchoro wangu aliusoma haraka kuliko nilivyouchora. Akaweka kidole juu ya duara la kitinda mimba, akakitembeza polepole kumpita Baba, akakisimamisha upande wa kushoto.

"Chora tena. Mama Mdogo akae hapa, ubavuni mwa mzee, na mtoto ampakate yeye. Maua weka kwako."

"Lakini Mama, mtu akiona atafikiri ni mtoto wake."

"Na akifikiri hivyo, wewe utapungukiwa na nini?"

Sikupungukiwa na kitu. Ukweli ni kwamba tangu aachishwe ziwa, mtoto yule alilala nyumba ya pili, alikula huko, na akijikwaa alikimbilia huko kwanza. Mimi, kwa uwiano wangu wote, ndiye niliyekuwa nimechora familia isiyokuwepo.

Mchoro mpya niliuvusha ua mwenyewe. Mama Mdogo akautazama kwa muda mrefu. Hakusema atakuja, hakusema hatakuja. Alisema moto wake unazimika, akaingia ndani.

Jumamosi tulishuka mjini kwa lori la ushirika, juu ya magunia ya pareto. Sote tulikuwa tumeshapanda isipokuwa Mama Mdogo na mtoto. Dereva akapiga honi mara mbili. Mama akamwambia hakuna anayefukuzwa hapa. Kisha wakatokea, Mama Mdogo na kitambaa cha kijani kichwani, mtoto amesukwa upya, mistari imenyooka kama shamba la mahindi.

"Na ng'ombe je?" Baba akauliza kutoka dirishani, kando ya dereva.

"Jirani yuko nao tangu asubuhi," Mama akajibu, kabla mwenzake hajafungua mdomo.

Studio ilikuwa ya mzee mmoja Mhindi, mpole, aliyemgeuza kila mtu kidevu kwa vidole viwili. Nyuma yetu palining'inia pazia lililochorwa ziwa la mabata weupe na milima ya theluji. Ziwa letu wenyewe, na flamingo wake, lilikuwa mwendo mfupi kutoka hapo, lakini hakuna aliyetaka kupigwa picha na kitu anachokiona bure. Mzee akafika kwa kitinda mimba, akasita, akamtazama Mama, kwa sababu nyuso zao zilikuwa moja.

"Huyu mtoto, mama yake ni nani?"

Baba akakohoa. Mama Mdogo akalegeza mikono, kama mtu anayejiandaa kurudisha kitu cha watu.

"Mama yake si amempakata?" Mama akasema. "Piga, mzee."

Taa ikamulika. Sote tulikuwa tumekodoa macho mbele isipokuwa Mama Mdogo, ambaye alikuwa ameinamisha uso juu ya nywele za mtoto. Mzee aliona, akataka kurudia. Mama akasema hakuna haja.

Kwa miaka mingi niliwaambia wageni kwamba dosari ya picha hiyo ni huo uso ulioinama. Majuzi tu, nikiwa nimekaa chini yake na kikombe, ndipo nilipomtazama Mama. Wanawake katika picha za wakati ule walishika mtoto, au Biblia, au mkoba ambao studio iliweka kwa kazi hiyo. Mama hakupewa kitu, na mimi niliyepanga kila kitu sikuliona hilo. Mikono yake iko mapajani, wa kulia umeushika wa kushoto, na umeushika kwa nguvu.