Mchanga wa Tangi la Shangazi

Shangazi yetu wa Musoma alikuwa na tangi la kioo sebuleni, na ndani yake alifuga furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Kwetu furu ni mboga. Nilipokwenda ufukweni Mwigobero na ndoo kumwomba mvuvi mmoja anitengee wale wadogo wenye rangi, wakiwa hai, alicheka mpaka wenzake wakasogea kusikiliza.

"Kwa hiyo shangazi yako anafuga mboga? Na mchicha je, kaupanda kitandani?"

Nilicheka nao. Sikuwaambia kwamba tangi hilo ndilo lililonipa mahali pa kulala.

Baba na mama walifariki wakifuatana, nikaacha shule darasa la tano ili nilime na kumlea mdogo wangu wa kike huko Butiama. Alipofaulu kwenda sekondari sikuwa na cha kumpeleka. Shangazi, dada yake baba, alikuwa amefungua duka mjini wakati ruksa ya biashara ilipokuja na bidhaa zikaanza kuonekana tena. Alikubali kumsomesha. Mimi alinichukua kwa sababu ya tangi. Mumewe alilileta kutoka Nairobi, akafa kabla hajalitia maji, na shangazi alitaka likae kama yeye alivyokusudia. "Wewe utunze samaki na nyumba," aliniambia, "mdogo wako asome."

Kazi ya tangi ni mchanga. Niliufuata mbali, nyuma ya mawe, pale mawimbi yanapoupiga kila siku na hakuna anayeanika kitu. Ulikuwa mchanga wa chembe nene kidogo, wenye vidoa vyeusi. Nilikuwa nauosha kwenye beseni, namwaga, naosha tena, mpaka maua yaliyochorwa chini ya beseni yanaonekana kupitia kwenye maji. Halafu nautandaza, tabaka jembamba tu, kwa sababu ukiwa mwingi unaoza chini na kunuka kama yai viza. Maji niliyamimina juu ya sahani ili yasiutifue. Furu wenyewe hawakutulia. Waliuchota kwa midomo, wakautema pembeni, wakachimba mashimo yao. Mdogo wangu alipenda kukaa pale na madaftari yake akiwatazama.

"Dada, huyu anahama nyumba tena," alikuwa akiniita nikiwa jikoni.

Mwaka wake wa tatu shuleni, nilikwenda Butiama kupalilia makaburi ya wazazi. Jumapili ile jumuiya ya kanisani ilikuwa inakuja kusali kwa shangazi, naye alitaka tangi liongezwe mchanga lipendeze. Niliacha ndoo ya mchanga uliokwisha oshwa kwenye kibaraza cha nyuma, nikamwonyesha mdogo wangu. "Ni kumimina taratibu tu. Usiongeze kingine."

Niliporudi, jumuiya ilikuwa imekwisha kuondoka. Maji ya tangi yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele, na furu wote walikuwa wanaelea, matumbo juu. Harufu niliikuta mlangoni. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kochi, bado amevaa kitenge chake cha kanisani, na mdogo wangu alisimama nyuma yake.

"Ulituletea mchanga wa wapi?" shangazi aliniuliza.

"Ule wa siku zote, shangazi."

"Mdogo wako anasema ametia ule uliouacha kwenye ndoo. Ndio huo ulioua samaki wa marehemu, mbele ya wageni."

Niliingiza mkono tangini. Mchanga ulikuwa laini kama unga, hauna kidoa hata kimoja, na kidole changu kilikutana na kitu kigumu. Nilikitoa. Kichwa cha dagaa mkavu. Pwani ya Mwigobero wanawake wanaanika dagaa juu ya mchanga, nao unakunywa mafuta na damu yao mwaka mzima. Hata ukiuosha namna gani, ukiutia kwenye maji unayaharibu.

Nilitoka nyuma kama ninayekwenda kunawa. Masufuria ya jikoni yalikuwa yamepangwa kibarazani yanang'aa, na chini yake, kwenye karo, ulikuwa umejaa mchanga wangu wenye vidoa vyeusi pamoja na masizi. Tangu miaka sabuni ilipoadimika tulizoea kusugua masufuria kwa mchanga. Mdogo wangu alikuwa amesugulia wote, kisha akajaza ndoo kwa mchanga wa karibu.

Hilo halikuniudhi. Ni kosa la mtoto aliyelelewa kwa shida.

Nilirudi sebuleni, kichwa cha dagaa nikiwa nimekifumba mkononi. Shangazi alisema, "Aliyefanya hivi hatalala hapa leo. Simfugi mtu wa kunidhalilisha." Nikamtazama mdogo wangu. Nilimpa muda. Alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

"Ni mchanga wangu, shangazi," nikasema.

Mdogo wangu alinifuata getini nikiwa na furushi langu. Alikuwa analia.

"Dada, angenifukuza. Na mtihani je?"

"Najua."

"Sasa ningefanyaje?"

"Ungenisubiri pale stendi ukaniambia. Ningesema ni mimi. Ungeniomba tu."

"Lakini si umesema ni wewe? Si yaleyale?"

Nilijitwika furushi. Kama hakuona tofauti yake, sikuwa na namna ya kumwonyesha. Nililea mkono wake ulipokuwa hauwezi kushika kijiko, na ndio ulionisukuma bila hata kunigusa begani kwanza.

Nilipata kazi ya kupika kwenye mgahawa Bunda, na huko ndiko nilikojenga maisha yangu. Yeye alimaliza kidato cha nne, akasomea uuguzi, akaolewa vizuri. Sijamwambia mtu, hata shangazi alipokuwa mgonjwa na mimi nikaenda kumuuguza. Ningesema, miaka yangu ile yote ya kumlea kwa jembe ingekuwa imekwenda bure.

Krismasi moja mdogo wangu alikuja kwangu na watoto wake. Tulikuwa tunakula, naye akaanza kuwasimulia maisha ya kwa bibi yao wa Musoma, tangi, rangi za furu, mpaka siku jumuiya ilipokuja. Anajua kusimulia. Aliigiza wazee wa kanisa wakiziba pua katikati ya sala, watoto wakavunjika mbavu.

"Mama mkubwa," binti yake mdogo akanigeukia, "ni kweli wewe ndiye uliyeua samaki wa bibi?"

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa anacheka nao, ametulia kabisa, anangoja nami nicheke. Hapakuwa na hofu usoni pake, wala aibu. Nikatambua kwamba hadanganyi tena. Ndivyo anavyokumbuka.

"Ndiyo," nikamwambia mtoto. "Kula, ugali unapoa."