Nilimwambia Afunge Mdomo

Yule mfanyabiashara wa viazi wa Iyunga, mnene mliyezoea kumwona ameketi kwenye benchi la watu wawili peke yake, amefariki. Tumemzika kwetu Ipogolo Jumamosi, na tangu nirudi Mbeya situlii. Namimina chai, naiacha. Natoka nje, narudi. Akiwa hai, mizani ya zahanati ilishindwa kumpima, akapimwa kwenye ile ya magunia, ghalani kwake. Akawatania wapakiaji: "Msinipitishe barabara kuu, mimi lumbesa, gunia lililozidishwa kipimo, watanikamata."

Daktari alimweleza wazi kwamba magoti, sukari na pumzi vimefika pabaya, na kwa uzito ule kujinyima peke yake mara nyingi hakutoshi. Upo upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula ubaki mwembamba kama ndizi. Upo mwingine wa kuacha kifuko kidogo na kukiunganisha na utumbo mdogo, mbele zaidi. Akaja kuniuliza mimi, kaka yake, mtu wa darasa la tatu, niliyeanza kwa kubeba mizigo ya tumbaku Chunya hadi nikajenga. Sikuuliza hata swali moja. Nikamwambia mwanamume hakatwi tumbo kwa ulafi, afunge mdomo. Akanitazama, akasema taratibu, "Kaka, njaa yangu huijui."

Akafunga. Miezi minne ya mboga na maharage, mashati yakaanza kumpwaya. Lakini kwetu mwenye mali akikonda hapongezwi, anachunguzwa. Sokoni wakamuuliza mkewe kama mzee ameanza dozi za ukimwi. Basi akarudi kula hadharani, sahani mbili za wali, wamwone mzima. Uzito ukarudi na nyongeza, na wiki iliyopita moyo ukagoma.

Msibani nilijiandaa kujitetea mbele ya mjane. Hakunilaumu. Alisema tu, "Shemeji, hospitali walishampa nafasi ya upasuaji. Akasema ngoja kwanza kaka akubali."

Upasuaji una hatari zake, huenda angefia hukohuko. Nalijua hilo na halinitulizi. Miaka yote nimejivunia kwamba sikusoma na bado watu wazima wananisikiliza. Kumbe mtu anaweza kukusikiliza mpaka afe. Mpo mnaosoma hapa, na ndugu yenu mnene yuko sebuleni anasubiri neno lenu. Mwambieni aende akamsikilize daktari. Na kama hilo ni gumu kutamka, basi angalau msiseme nililosema mimi.