Mkono wa Kushoto wa Mwokaji

Mwokaji mikate wa mtaa wetu alinenepa mpaka kivuli chake kikawa kinatangulia bekari, kinawasha tanuri, kinamsubiri. Hilo lilichekesha. Magoti ndiyo hayakuchekesha: hakuweza tena kuinama kufikia mlango wa chini wa tanuri, na mkewe alishaanza kusema kaka yake aje ashike kazi.

"Afadhali unizike!"

"Nikuzike kwa jeneza gani, baba watoto? Maseremala wote watagoma."

Basi binti yao akamtafutia daktari wa kwenye simu, mwanamke wa mbali, sauti yake kama maji yanayomiminwa mtungini. Kila wiki alitokea kiooni. Akampa dawa, akampangia matembezi, akamuuliza anakula nini.

"Chai kavu, maharage, mboga. Haki ya Mungu, Daktari, nanenepa kwa hewa!"

Daktari hakubisha. "Leo niegemeze kwenye pipa la unga, baba, ufanye kazi zako. Nitakaa kimya."

Akamwegemeza. Unga ukaelea kwenye miale ya jua, joto likalainisha kuta, na mwokaji akasahau kabisa kwamba anatazamwa. Akawa kama mtu anayeogelea usingizini. Trei ikitoka, mkono wa kushoto unanyofoa ganda. Ikitoka nyingine, unanyofoa tena, unaruka kinywani kama ndege arudiye kiotani, mwenyewe hana habari.

"Baba," pipa likasema, "unatafuna nini?"

Akautazama mkono wake kama mgeni aliyeingia bila hodi. Mkewe alicheka mpaka akakalia gunia.

"Sikugombezi," daktari akasema. "Mkono umezoea tu. Tuupe mdomo kazi nyingine."

Akaupa mluzi, maana hakuna awezaye kutafuna huku anapiga mluzi. Mikate nayo ikausikia, ikaumuka kwa furaha. Mmoja ulipaa hadi darini, tukaushusha kwa ufagio.

Mwili ulipungua kwa maringo. Wiki nyingine ulikataa katakata, mwokaji akanuna, daktari akambembeleza, wakaendelea.

Asubuhi moja harufu ya kuungua ikatoka mlango wa chini. Mke akaja mbio, akamkuta mumewe ameshainama mwenyewe, magoti yakilia kama milango mibovu, anavuta trei.

"Toka, utaungua ndevu!"

"Mwambie kaka yako," akajibu kutoka mle ndani, "abaki kwao."

Akaendelea na mluzi.